Vifungo Kwanza, Mkasi Mwisho

Muulize mtu yeyote shati huanzia wapi, atakwambia kwenye mkasi. Fundi huchukua vipimo, huchora kwa chaki, hukata kitambaa, huunganisha vipande, hupinda pindo, huweka vifungo, kisha hupiga pasi. Basi anayetaka kuwa fundi, mtu angedhani, aanzie hapo hapo penye mkasi.

Mwanaanthropolojia Mmarekani Jean Lave alipokaa na mafundi cherehani wa Kivai na Kigola jijini Monrovia, Liberia, katika miaka ya 1970, alikuta mambo yamegeuzwa. Kijana mgeni alipewa sindano na uzi aweke vifungo na kupinda pindo, au pasi anyooshe nguo iliyoshonwa na wengine. Baadaye ndipo alipoketi kwenye cherehani kuunganisha vipande ambavyo fundi wake alikwisha kuvikata. Kukata kulikuja mwisho. Na mpangilio huo ulirudiwa vazi baada ya vazi, kuanzia kofia, nguo za ndani na nguo za watoto, hadi kufikia suti za watu wazima.

Sababu ya kwanza ni pesa. Kifungo kikikaa kombo, kata uzi ukishone tena. Mshono ukienda upande, ufumue. Lakini kitambaa kilichokatwa vibaya kimekwisha, na mara nyingi mteja ndiye aliyekileta, kwa hiyo fundi atakilipa. Ile miezi ambayo mwanagenzi hukosea sana, anawekwa mahali ambapo kosa lake linagharimu muda tu.

Sababu ya pili haionekani upesi, nayo ndiyo inayonivutia zaidi. Anayepiga pasi shati lililokamilika ameshika kazi nzima mikononi. Anaona kola inavyolala, bega linavyokutana na mkono, pindo linavyoficha ncha za kitambaa. Akija kuunganisha vipande, anajua vinaelekea wapi. Na akija kushika mkasi, haulizi kwa nini mkono wa shati unakatwa kwa mviringo kule juu, maana ameushona mkono huo kwenye bega mara nyingi na anajua ungekatwa kwa mstari ulionyooka ungevuta kwapani.

Nimekaa sana kwenye habari ya karakana hizo za Monrovia kwa sababu ushauri wa kujiendeleza tunaopewa kila siku huishia nusu njia. Tunaambiwa tujifunze kwa waliofanikiwa. Tunajifunzaje? Hapo kimya. Wengi wetu tunajaza pengo hilo kwa kutazama. Simu nayo imerahisisha: video ya kusuka rasta, ya kubadilisha pedi za breki, ya kupamba keki, ya kuandaa bajeti kwenye kompyuta. Ukiirudia mara tatu unahisi mikono inakuwasha.

Hisia hiyo imepimwa. Mwaka 2018 watafiti wawili wa Marekani, Michael Kardas na Ed O'Brien, walichapisha mfululizo wa majaribio kuhusu watu wanaotazama ufundi wa wengine. Katika mojawapo, watu walitazama video ya mtu akirusha vishale kwenye ubao wa shabaha, baadhi mara moja, baadhi mara 20. Waliotazama mara 20 walitabiri kwamba wangepata alama nyingi kuliko waliotazama mara moja. Walipopewa vishale, hawakuwazidi. Jaribio jingine lilihusu mchezo wa kurusha na kudaka hewani pini kadhaa, yaani vigongo vya mchezo: waliotazama kisha wakapewa pini hizo wazishike tu, bila hata kuzirusha, walipunguza majivuno. Uzito wa kitu mkononi uliwapa habari ambayo macho hayakuwa nayo.

Simaanishi kwamba kutazama ni bure. Mwanagenzi wa Monrovia alitazama kutwa nzima. Tofauti ni kwamba alitazama huku ana kazi mkononi, kwa hiyo jicho lake lilikuwa na swali. Aliyekwisha kuhangaika na kola iliyokunjamana humwangalia fundi akiweka kola kwa macho mengine kabisa. Anajua ni nukta gani ya kuisubiri. Ndiyo maana mimi huwashauri watu wajaribu kwanza, wakwame, kisha ndipo waende kwenye video. Na wakimaliza kuitazama, waizime kabla ya kuanza tena.

Kuizima kuna faida yake, nayo imepimwa pia. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo vifungu vifupi vya kusoma. Kundi moja lilikisoma kifungu mara mbili. Jingine lilikisoma mara moja, kisha likaandika kila lililokumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma waliongoza, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojilazimisha kukumbuka walibaki na asilimia 56, wenzao 42. Ukipima kujifunza kwako jioni ile ile, utaichagua njia mbaya na utakuwa na ushahidi wa kuitetea.

Sasa, umwulize nani? Mazoea yanatutuma kwa bingwa. Pamela Hinds wa Chuo Kikuu cha Stanford alichapisha mwaka 1999 utafiti uliowataka watu wakadirie mgeni angechukua muda gani kukamilisha kazi fulani kwenye simu ya mkononi, enzi ambazo simu hizo zilikuwa ngeni kwa wengi. Wenye uzoefu mkubwa walikosea kuliko wenye uzoefu wa wastani. Walidhani ni kazi ya haraka, kwa sababu kwao ilikuwa ya haraka. Msusi wa miaka 20 akikwambia "unashika tu hivi, unavuta hivi", hakufichi kitu. Vidole vyake vimechukua hatua ambazo kichwa chake hakizihesabu tena. Aliyeanza kazi mwaka jana bado anazikumbuka, pamoja na mahali alipoumia. Bingwa mwache afanye, umsimamishe katikati na kumwuliza kwa nini. Maelezo ya hatua kwa hatua yatafute kwa aliyekutangulia kidogo.

Mpangilio wa kuanzia mwisho hauhitaji cherehani. Mtoto anayejifunza chapati aanze kwa kuzigeuza kikaangoni, kisha kusukuma, na kukanda kuje mwisho, maana unga ukiharibika umeharibika wote. Mwalimu mpya asahihishe madaftari na kufundisha kwa andalio la somo la mwenzake mzoefu kabla ya kuandika lake, ili ajue kwanza wanafunzi huishia wapi. Karani mpya wa hesabu alinganishe risiti na taarifa ya benki, apitie ripoti za miezi iliyofungwa, ndipo aguse bajeti ya mwaka ujao. Ofisi nyingi hufanya kinyume: mgeni anakabidhiwa kazi nzito wiki ya kwanza "aoneshe uwezo", akikosea kosa ni la gharama, na tangu hapo anajifunza kuficha.

Karakana nazo zisisifiwe kupita kiasi. Wapo vijana wanaochota maji, kufagia na kununua chai ya fundi miaka miwili, na hilo linaitwa mafunzo. Wapo mafundi wanaosubiri kijana atoke ndipo wakate, wakihofia kwamba leo anaona mkasi, kesho anafungua kibanda mtaa wa pili na kuondoka na wateja. Hofu hiyo ina msingi, ila kijana ndiye anayeilipia. Kwa Tanzania, waliojifunzia nje ya mfumo rasmi wanaweza kupimwa na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) na kupewa cheti cha kutambua ujuzi walionao. Ni nafuu kubwa kwa anayetafuta kazi ya kuajiriwa, ingawa upimaji hauwezi kumpa mtu hatua aliyonyimwa.

Kwa hiyo mzazi anayetaka kumpeleka mwanawe kwa fundi asiishie kuuliza ada na kutazama nguo zilizotundikwa. Aulize waliotangulia wako wapi, aende kwenye vibanda vyao kama wanavyo, awaulize waliruhusiwa kukata mwaka wa ngapi. Kama wote bado wako pale pale baada ya miaka minne, wameinamia vifungo, atafute fundi mwingine.