Joto halina ubabe: funzo la baiskeli kutoka Mombasa hadi Malindi

Jumapili moja ya Februari, mimi na sahibu yangu tuliyesoma naye madrasa tuliingia katika msafara wa baiskeli kutoka Mombasa kwenda Malindi. Ni mwendo wa kilomita 120 hivi, na msafara wenyewe ulikuwa wa kuchangisha pesa. Mombasa nilitoka juu ya baiskeli. Malindi niliingia nyuma ya pikapu, nguo zimerowa chapachapa na baiskeli imelazwa ubavuni mwangu. Nimeona haya kuliandika hili kwa muda. Lakini wako ndugu zetu wengi wanaoshinda juani kila siku kutafuta riziki, kwa hivyo nimeona bora nieleze kilichonipata, na kwa nini kilinipata.

Tuliambiwa tungeondoka saa kumi na mbili asubuhi. Hotuba za wageni zikatuweka hadi saa mbili u nusu. Kwa mwendo wetu, muda huo ungetufikisha karibu na Takaungu kabla jua halijakolea. Sahibu yangu aliniambia pale pale, "Shekhe, safari ya leo tuifupishe, tuishie Kilifi." Nikamcheka. Nikamwambia mimi ni mzaliwa wa pwani, joto nalijua tangu tumboni mwa mama.

Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na ni kosa letu wengi. Mwili haurithi uzoefu wa joto. Unaujenga kwa kufanya kazi juani kidogo kidogo, siku baada ya siku, kwa wiki moja hadi mbili. Hapo ndipo unapojifunza kutoa jasho mapema na kupunguza chumvi inayopotea. Mimi hushinda ofisini chini ya panga boi. Msukuma mkokoteni wa Markiti ana uzoefu huo. Mimi sina, hata kama babu zetu walizaliwa mtaa mmoja.

Jambo la pili ni hili fukuto letu. Wengi tunadhani jasho ndilo linalopoza mwili. Mtazame mtungi wa maji wa bibi. Maji hupenya taratibu kwenye udongo, yakafika nje, upepo ukayakausha, na kule kukauka ndiko kunakobeba joto na kuyaacha ya ndani baridi. Mwili nao ni vivyo hivyo. Jasho linalokauka juu ya ngozi hupoza. Jasho linalodondoka chini ni maji yaliyopotea bure. Na kwetu, wakati wa kaskazi, hewa tayari imejaa unyevu wa bahari, kwa hivyo jasho halikauki upesi. Ndiyo maana nyuzi 32 za Mombasa huweza kumlemea mtu kuliko nyuzi 36 za mahali pakavu.

Baiskeli nayo ina hila yake. Ukiwa mbioni unajitengenezea upepo, na upepo unakausha jasho, basi unajiona mzima. Isitoshe, kaskazi hutoka kaskazini mashariki, yaani huko huko tulikokuwa tukielekea, kwa hivyo ulitupiga usoni. Ulitupoza, lakini ulitutoza nguvu, na msuli unaofanya kazi ni jiko. Kadiri unavyousukuma ndivyo unavyozidi kutoa joto ndani ya mwili. Ukifika kwenye mlima ukapunguza mwendo, upepo hukatika na lile joto lote hukurudia. Katikati ya mashamba ya mkonge ya Vipingo, ambako hakuna mti wa kukupa kivuli, nililiona hilo waziwazi.

Kilifi tulifika saa sita imeshapita. Tukavuka daraja, tukaingia msikitini, tukasali Adhuhuri, kisha tukakaa kibarazani. Sahibu yangu alikunywa madafu akatafuna na karanga za chumvi. Mimi nilikunywa maji matupu, chupa juu ya chupa. Hilo likawa kosa la pili. Mtu anayefanya kazi ngumu katika joto anaweza kupoteza lita moja ya jasho au zaidi kwa saa, na jasho lina chumvi. Ukirudisha maji peke yake kwa wingi, chumvi iliyobaki mwilini huzimuliwa, na wewe unaanza kuumwa kichwa na kuhisi kichefuchefu. Madafu ni mazuri, ila chumvi yake ya kawaida ni kidogo. Tia chembe za chumvi au yanywe na kitu cha chumvi. Asiyekuwa na madafu achanganye lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kufuta.

Kabla ya kuondoka Kilifi sahibu yangu alisema, "Mimi nitakuwa nakuuliza maswali njiani. Ukikosea jibu, tunasimama." Nikakubali kumridhisha tu.

Tulipokaribia Matsangoni ilikuwa yapata saa nane. Miguu ilikuwa imenikaza tangu Tezo, lakini nilinyamaza. Akaniuliza, "Adhuhuri tumesali wapi?" Nikamjibu, "Takaungu." Akauliza tena, nikarudia Takaungu, na nikamkasirikia kwa kunisumbua. Yeye akapita mbele, akaiweka baiskeli yake kando, akaushika usukani wangu. Nilimtolea maneno ambayo sikumbuki, ila amenisamehe. Nakumbuka nilitaka kuendelea. Kwa akili yangu ya wakati ule, nilikuwa mzima kabisa.

Hapo ndipo penye hatari, na ndiyo sababu ya makala haya. Joto linapoanza kukushinda, unachoka, unapata kizunguzungu, misuli inakaza, kichwa kinauma. Hapo bado unajijua, na ukipumzika kivulini na kunywa unarudi. Likizidi, joto la mwili likapanda kufikia nyuzi 40 na kuendelea, linagusa ubongo. Mtu anajibu ovyo, anakuwa mkali bila sababu, anayumba, mwisho anaanguka. Hiki ndicho kiharusi cha joto, na kinaua. Usidanganywe na kumwona bado anatoka jasho. Aliyekuwa akifanya kazi ngumu huweza kupatwa huku jasho linamtiririka. Na kile kinachoharibika mapema ndicho kile kile ambacho ungekitumia kujitambua. Mgonjwa ndiye wa mwisho kujua.

Sahibu yangu alinivuta chini ya mwembe, akanivua fulana, akanimwagia maji ya dumu la mama mmoja wa pale, mwili mzima, huku kijana wa bodaboda akinipepea kwa kipande cha boksi. Hawakungoja gari kwanza. Pikapu ya msafara ilipofika walinipeleka kituo cha afya, wakiendelea kunirowesha njia nzima. Muuguzi alituambia kwamba yale maji ya mwanzo ndiyo yaliyonisaidia zaidi. Kanuni ni hiyo: poza kwanza, safirisha baadaye. Maji, upepo, kivuli, na kuita msaada. Aliyechanganyikiwa au kuzimia usimtie kinywaji mdomoni, kitampalia.

Kwa hivyo, ewe unayejiandaa kwa msafara, au fundi unayemwaga zege mchana wa Machi, ondoka alfajiri, na saa sita hadi saa tisa ukae kivulini. Kama unatumia dawa za presha za kukojosha, muulize daktari wako kwanza. Wasimamizi nao, ikiwa hotuba zimekula asubuhi, fupisheni njia. Hakuna mchango unaostahili jeneza.

Na usiende peke yako. Wazee wetu walisema rafiki kabla ya njia, nami nilidhani maana yake ni mtu wa kupiga naye soga. Sasa najua ni mtu atakayekushika usukani siku ambayo akili yako imekuhama, na asijali utakavyomtukana. Mkubaliane mapema kwamba neno lake ndilo la mwisho.

Kilomita thelathini na kitu zimebaki kati ya Matsangoni na Malindi. Tumekubaliana kuzimaliza mwezi wa Julai, kwenye kusi, baada ya Alfajiri. Maswali atauliza yeye.