Habari ya Jino Lililong'oka

Mwezi huu twataka kuzungumza na wasomaji wetu, hasa wazazi na walimu, habari ya meno yanayovunjika au kung'oka kwa ajali. Habari ya meno yanayooza mmekwisha kuisikia mara nyingi. Hii ya ajali watu huidharau, wakidhani kwamba jino likitoka limetoka. Sivyo, na kwa sababu ya kudhani hivyo watoto wengi wamekua na pengo ambalo lingaliweza kuzuiliwa kwa kikombe cha maziwa.

Twamjua kijana mmoja aliyeanguka kutoka juu ya mwembe alipokuwa na umri wa miaka 9. Jino lake la mbele la juu likang'oka zima, pamoja na mzizi wake. Bibi yake akaliokota, akalisugua vumbi kwa upindo wa kanga, akaliviringisha katika kitambaa kikavu, akaliweka sandukuni ili baba wa mtoto alione atakaporudi safari. Siku ya tatu baba akarudi, akampeleka mtoto kwa daktari wa meno. Daktari akalitazama lile jino, akasema, "Lingaliletwa siku ile ile, tena mapema, pengine ningalilirudisha." Bibi hakufanya ubaya wo wote. Alilitunza jino kama atunzavyo kila kitu cha thamani. Kilichoharibu ni kule kusugua, na ukavu.

Maana mzizi wa jino umefunikwa na nyuzi laini zenye uhai, nazo ndizo zinazolishika jino katika mfupa wa taya. Nyuzi hizo zikikauka hufa upesi. Jino likirudishwa mara moja, au ndani ya nusu saa, lina tumaini jema. Likikaa kavu muda wa saa nzima, nyuzi zote huwa zimekufa, na hata likirudishwa, baada ya miaka mfupa huula mzizi wake kidogo kidogo.

Basi mtu afanyeje? Kwanza atazame kama ni jino la utotoni au la ukubwani. Meno ya utotoni ni 20, nayo huanza kuota mtoto apatapo miezi 6 hivi. Yale ya mbele ya ukubwani huota kati ya mwaka wa 6 na wa 9. Jino la utotoni lisirudishwe kamwe, kwa kuwa juu yake katika ufizi limelala jino la ukubwani, nalo laweza kuumizwa. Hilo watoto na walitupe juu ya paa kama desturi yao. Lakini la ukubwani lisitupwe! Lishikwe upande wa kutafunia, wala mzizi usiguswe. Likiwa na mchanga, lisafishwe kwa maziwa au maji kwa nukta chache tu, bila sabuni, bila kusugua. Kisha lirudishwe mahali pake, uso wake ukielekea mbele, na mtoto aume kitambaa safi. Mwenye kuogopa kulirudisha na alitie katika maziwa. Maziwa yakikosekana, mtoto ateme mate yake kikombeni, jino litiwe humo. Maji matupu hayafai kulihifadhia. Halafu waende kwa daktari pasipo kukawia, naye atalifunga pamoja na jirani zake kwa muda wa majuma mawili hivi. Kipande cha jino lililovunjika nacho kichukuliwe, kwa maana mara nyingine huweza kugandishwa tena. Lakini mtoto akiwa amezimia au anatapika, jambo la kichwa litangulie la jino.

Kila umri una hatari yake. Mtoto ajifunzaye kutembea huangukia kinywa. Wa shule huumia mchezoni, na mara nyingi ni yale meno mawili ya mbele ya juu. Mwenye meno yaliyotokeza, ambayo mdomo hauyafuniki, huumia zaidi ya wenzake. Vijana ni mpira na bodaboda. Watu wazima ni ajali za barabarani, na ugomvi, na, twaona haya kuandika, mkono wa mume nyumbani. Wazee huanguka kama watoto.

Lakini jeraha linalotuhuzunisha kuliko yote hufanywa kwa makusudi. Mtoto mchanga ana homa na kuhara. Mtu huupapasa ufizi wake, huona uvimbe mweupe mahali pa chonge, husema, "Ana meno ya plastiki," kisha huutoboa kwa kisu au kwa spoku ya baisikeli. Uvimbe ule si ugonjwa. Ni jino lenyewe linalojiandaa kuota. Watoto wamekufa kwa kutokwa damu na kwa uchafu wa chombo, na wengine wamekua bila chonge. Akina mama, mtoto mwenye kuhara apelekwe zahanati, ufizi wake uachwe.

Mtu atauliza, daktari wa meno yuko wapi? Chuo cha Nairobi kilianza kuwafundisha mwaka 1974, na cha Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 1979. Hujifunza miaka mitano, kisha kila mmoja huchagua: huyu kunyosha meno, huyu kupasua taya, huyu watoto, huyu kufundisha. Wengi huchagua mjini. Hatuwalaumu sana, maana kiti cha meno chataka umeme na maji na fedha nyingi. Lakini nusu saa ya jino haiwezi kusafiri kutoka kijijini hata mjini. Huko wilayani kazi kubwa hufanywa na matabibu wa meno, ambao masomo yao ni mafupi zaidi.

Yuko mmoja ambaye uchaguzi wake umewafaa hata watu wasiojua jina lake. Jens Andreasen, mzaliwa wa Denmark wa mwaka 1935, alifanya kazi katika hospitali kuu ya Copenhagen, akayatoa maisha yake kuchunguza meno yaliyoumia, akiwafuatia wagonjwa miaka mingi kuona lipi lilipona na lipi halikupona. Kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1972, naye alifariki mwaka 2020. Mengi katika tuliyoandika hapo juu kuhusu jino la kurudishwa yametokana na kazi yake na wenzake.

Kijana yule wa mwembe sasa yu kidato cha nne, naye huvaa jino la bandia, ambalo hulitoa usiku na kulitia katika bilauri. Asema ataka kusomea meno. Bibi yake amemwuliza kama akimaliza atarudi kijijini. Hajamjibu bado.