Je, Wajua? Floridi Haiondoki kwa Kuchemsha Maji
Maji ya visima vingi kandokando ya Mlima Meru, Arusha, huonekana safi kabisa, kumbe yana floridi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Kuyachemsha hakusaidii: mvuke ukitoka, floridi huzidi kukolea. Mionzi ya urujuanimno nayo huua vijidudu tu. Ili kuiondoa floridi, mkaa wa mifupa, uliochunguzwa kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hufaa zaidi majumbani. Hoteli au kiwanda cha maji ya chupa huhitaji mtambo wa osmosisi kinyume, baada ya maji kupimwa maabara. Utando wake wa kuchujia huharibiwa na klorini, ikiwa maji yametiwa dawa hiyo ya kuua vijidudu, hivyo chujio la mkaa amilifu hutangulizwa. Likichelewa kubadilishwa, utando ndio unaoharibika, na bei yake ni kubwa zaidi.