Besi Imechapa? Vile Utaipiga Rangi Mwenyewe Bila Kuiharibu

Wasee wa Kitengela, wacha tubonge ukweli. Una gitaa la besi la mtumba limelala nyuma ya mlango. Sauti iko fiti, lakini luku imechapa: rangi imebambuka, kona zimegongwa. Kulipeleka kwa fundi ni ganji huna. Makopo ya spreyi yanaweza kuliokoa, lakini kitu huharibu hii kazi mara nyingi ni haraka.

Najua juu iliniramba. Besi yangu ya kwanza niliipuliza Alhamisi nikiitaka Jumapili kanisani. Ijumaa ukiigusa ilikuwa kavu kabisa. Jumapili, katikati ya sifa, mkono wangu ukashikana na bodi. Nilipouinua, alama ya shati ilibaki kwa rangi. Iko hapo hadi leo.

So cheki form.

1. Fungua kila kitu
Toa nyuzi, shingo, pikapu, briji na vifundo. Piga picha za waya na simu kabla hujagusa kitu. Chini ya briji huwa kuna waya mdogo wa ethi. Ukiupoteza, besi itanguruma kila ukiichomeka kwa ampu. Skurubu za kila sehemu weka kwa bahasha yake.

2. Msasa, lakini usifike kwa mbao
Besi nyingi za bei ya chini ziko na rangi ngumu, nene. Usiimalize yote. Anza na msasa namba 220, maliza na 400, hadi mng'ao uishe. Mashimo jaza na fila, ngoja ikauke, piga msasa tena, kisha panguza vumbi yote. Pale shingo inaingia, funika na tepu. Rangi ikijaa hapo, shingo haitakaa vizuri.

3. Chagua saa
Kutoka Kitengela, Kajiado town hadi kule Rombo, vumbi ni ndugu yetu. Malori ya barabara ya Namanga hayatangoja rangi yako ikauke. Amka asubuhi mapema kabla upepo uanze, mwagia sakafu maji kidogo, tundika bodi kwa waya. Siku ya mvua, zii: unyevu huacha rangi na ukungu mweupe.

Na usipulize ndani ya keja. Hiyo hewa inashika moto, na kama jiko la gesi liko hapo karibu, hiyo ni ngori. Barakoa ya kitambaa haizuii moshi wa rangi; tafuta ile ya vichujio. Kama kwa ploti kuna mtoto wa jirani, tafuta uwanja mbali na mlango wao.

4. Puliza kidogo kidogo
Kwa bodi moja, panga kopo 1 la praima, 2 za rangi na 2 za klia, zote za kampuni moja na aina moja. Ukichanganya, rangi inaweza kukunjamana kama ngozi ya maziwa. Jaribu kwanza pale plastiki itafunika.

Tikisa kopo dakika 2. Shika umbali wa sentimita 25 hivi, anza kupuliza nje ya bodi, pita, malizia nje. Tabaka ziwe nyembamba, na kati yake ngoja vile kopo linasema. Rangi ikichuruzika usipanguze. Iache ikauke, ipige msasa, rudia.

Na usione haya kutumia rangi za magari. Fender, Wamarekani waliotoa Precision Bass mwaka 1951, walitoa rangi zao nyingi za oda maalum huko huko kwa magari.

5. Sasa ngoja. Kwa ukweli
Kukauka juu na kukauka ndani ni vitu viwili. Juu ni lisaa, ndani ni wiki 2 hadi 4. Weka pua karibu: kama bado inanuka rangi, bado. Ikiacha kunuka, piga msasa wa maji namba 1000 hadi 2000 pole pole, halafu ing'arishe na ile dawa ya kung'arisha magari kutoka duka la spea. Ndio urudishe waya na skurubu.

Usitarajie sauti ibadilike. Kwa besi ya umeme, sauti inatoka hasa kwa nyuzi na pikapu. Na kama umerithi besi ya zamani ya jina kubwa, usiiguse: rangi yake ya kwanza ndiyo hubeba bei.

Kama uko na shoo Jumapili hii, msee, cheza nayo hivyo hivyo ikiwa imechapa. Hakuna mtu kanisani ataskia rangi. Anza Jumatatu, na uazime ingine kwa mwezi mmoja.