Kodi ya miezi sita bado si yako

Siku niliyopokea kodi yangu ya kwanza niliihesabu mara tatu. Nina vyumba vinne Kivule, Dar es Salaam, kila kimoja Sh70,000 kwa mwezi. Wapangaji wawili waliingia siku moja, kila mmoja na miezi yake sita: Sh840,000 taslimu. Jioni ileile nikampigia fundi, nikamwambia tuchimbe msingi wa chumba cha tano. Hazikupita wiki tatu, shimo la choo likajaa, na hela ya kuita gari la majitaka sikuwa nayo.

Nalisema hili bila aibu kwa sababu kila anayenifuata kuulizia nyumba za kupangisha huja na hesabu ileile niliyoanza nayo mimi: vyumba mara kodi mara miezi 12. Kwangu ilitoa Sh3,360,000 kwa mwaka. Ujenzi ulikula Sh28,000,000 ukiacha kiwanja, nikajiambia miaka minane na kitu hela itakuwa imerudi. Sikukosea kuzidisha. Nilichosahau ni kwamba chumba nacho hukaa kitupu.

Chumba cha uani kilikaa miezi minne bila mtu. Dalali alileta watu, wakachungulia, wakasema "tutarudi", basi. Nikadhani tatizo ni kodi, nikawa tayari kushusha mpaka Sh60,000. Kisha akaja binti mmoja anayefanya kazi saluni. Alizunguka chumbani, akainama kutazama ukuta, akatoka.

"Shikamoo mzee. Naweza kusema ukweli?"

"Marahaba. Sema tu, mwanangu."

"Chumba kizuri. Ila soketi ni moja, tena iko nyuma ya mlango. Friji nitachomeka wapi?"

Nikamwita fundi umeme, akaongeza soketi mbili kwa gharama isiyofika nusu ya kodi ya mwezi mmoja. Binti akahamia, na yupo mpaka leo. Miezi ile minne ilikuwa imenipotezea Sh280,000 kwa sababu ya soketi, na hakuna fundi wala dalali aliyenishtua. Fundi hujenga unachomwambia. Dalali naye huvuna kodi ya mwezi mmoja kwa kila mpangaji mpya, kwa hiyo mpangaji anayekaa miaka mitano hana faida kwake. Mwenye kukujulia nyumba yako ni yule aliyeikataa, na ndiye tusiyemuuliza.

Nirudi kwenye miezi sita. Wapangaji wa Dar es Salaam wanailalamikia, na wana haki. Mtu anayelipwa kwa mwezi unamdai nusu mwaka kwa mkupuo. Lakini hata kwa mwenye nyumba mgeni ina mtego wake. Hela ile ukiipokea Januari, sehemu ya Juni bado hujaifanyia kazi. Bati likivuja Aprili au pampu ikiungua Mei, mpangaji anakudai huduma aliyokwisha kuilipia, nawe huna pa kuchota. Mimi siku hizi kodi inaingia kwenye akaunti ya pembeni na kila mwezi natoa ya mwezi huo. Chumba cha tano kitasubiri.

Kuna pia hili la LUKU, dogo kwa thamani lakini kubwa kwa maneno. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa mtu anaponunua umeme. Nyumba ya kawaida ilianza na Sh1,000 kwa mwezi, na tangu 2023 ni Sh1,500. Anayenunua umeme ni mpangaji, ila anayedaiwa kodi hiyo ya majengo ni mwenye nyumba. Mwanzoni nilinyamaza nikidhani wapangaji hawajagundua. Walikuwa wamegundua zamani, na walikuwa wakinisema uani. Sasa kila mita inayokatwa, kwenye kodi ya miezi sita naondoa Sh9,000, na nimeiandika kwenye mkataba.

Mkataba ndipo wengi tunapoteleza. Nchi hii imewahi kumtazama mwenye nyumba kwa jicho kali. Mwaka 1971 Serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya Sh100,000, na sheria ya 1984 ikadhibiti kodi. Sheria hiyo ilifutwa 2005. Leo kiasi cha kodi ni makubaliano yenu wawili, na mkigombana mtaulizana mliandikiana nini. Karatasi ya kununua stationery yenye nafasi ya jina na sahihi haitoshi. Andika nani anatengeneza kitasa, nani anavuta majitaka, notisi ni ya muda gani. Na mpangaji akikwama, usimng'olee mlango wala kumtolea vyombo nje, hata kama mtaani umeona wenzako wakifanya. Mpe notisi kwa maandishi, pitia serikali ya mtaa, ikishindikana nenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ni safari ndefu, nakiri. Lakini ukijichukulia sheria mkononi, aliyekudhulumu kodi ndiye atakayekushitaki.

Ndugu je? Nilimpangisha mtoto wa dada yangu kwa bei ya nusu. Alilipa miezi mitatu. Sikumdai wala sikumpa notisi. Ningeanzia wapi, na Krismasi tunakula sahani moja? Alihama mwenyewe alipopata kazi Dodoma. Ukitaka kumsaidia ndugu, mpe hela akapange kwa mwingine.

Fremu za barabarani sizijui sana, ila nijuacho ni kwamba mpangaji akiwa kampuni atazuia asilimia 10 ya kodi na kuipeleka TRA, hivyo usije ukadhani umepunjwa. Dai cheti cha makato hayo.

Kama unapangisha kwa mara ya kwanza mwaka huu, fungua akaunti ya pembeni kabla mpangaji hajaingia, na namba ya gari la majitaka iweke kwenye simu leo.