Deni lililokosa mwenyewe

Mwaka 2005, katika miji kama Las Vegas na Stockton, California, ulikuta madalali wa mikopo ya nyumba wasiodai hata hati ya mshahara. Unataja kipato chako, dalali anaandika, mnatia saini.

Mkopo uliotamba kwa watu wenye rekodi mbaya ya ulipaji ulikuwa wa miaka 30: miwili ya mwanzo kwa riba nafuu, 28 iliyobaki kwa riba ya kupanda na kushuka. Tuseme umekopa dola 200,000 kwa asilimia 7. Kila mwezi unarejesha kama dola 1,330. Mwaka wa tatu riba ikifika asilimia 10, rejesho linapita dola 1,700, na mshahara uko palepale. Usijali, dalali anakwambia, nyumba itakuwa imepanda bei, utakopa upya.

Kwa nini mtu akopeshe hivyo? Kwa sababu deni halikai kwake. Aliliuza Wall Street, ambako benki zilichanganya maelfu ya mikopo, zikaigawa kuwa hati za kuuzwa kwa wawekezaji, na kampuni za kupima ubora wa madeni, zinazolipwa na wauzaji haohao, zikazipa nyingi alama ya juu kabisa, AAA. Dalali keshakula kamisheni yake zamani. Wapo wanaomlaumu mkopaji kwa tamaa, na kweli wapo walionunua nyumba ili wawahi kuziuza kwa faida. Lakini kati ya mkopaji na mkopeshaji, anayezijua hesabu za riba ni mkopeshaji.

Benki Kuu ya Marekani ilipandisha riba yake kutoka asilimia 1 mwaka 2004 hadi 5.25 mwaka 2006, na bei za nyumba zikagota; wakopaji wengi wakashindwa kukopa upya, wakashindwa na kulipa. Aprili 2007 New Century, mkopeshaji mkubwa wa mikopo hiyo, ikafilisika. Miezi michache baadaye benki ya IKB, huko Ujerumani, iliyokuwa imewekeza kwenye hati hizo, ikahitaji kuokolewa. Septemba 15, 2008 ikaanguka Lehman Brothers, benki ya Wall Street. Kesho yake AIG, kampuni ya bima iliyouza kinga ya hati hizo bila akiba ya kutosha, ikapewa mkopo wa dola bilioni 85. Kufikia Oktoba 2009, Mmarekani mmoja kati ya kumi kwenye soko la ajira hakuwa na kazi.

Angelo Mozilo, aliyeongoza kampuni ya mikopo ya nyumba ya Countrywide, alimaliza kesi yake ya madai ya kuwapotosha wawekezaji mwaka 2010 kwa dola milioni 67.5, bila kukiri kosa. Milioni 20 kati ya hizo zililipwa na Bank of America, iliyokuwa imeinunua kampuni yake.