JE, TUTAHAMIA SAYARI NYINGINE?

Jioni moja darasani, hapa upande wa Haydom, tulizungumza juu ya ardhi. Mwanakisomo mmoja alisema: "Mashamba yamekuwa madogo. Korongo linakula shamba langu. Redioni nimesikia kwamba watu watahamia sayari ya Mirihi. Huenda wajukuu wetu watapata mashamba huko." Watu walicheka. Lakini swali lake lilikuwa zuri. Tulilijibu pamoja.

Sayari ni nini?

Sayari ni kitu kikubwa cha mviringo kinacholizunguka jua. Dunia yetu ni sayari. Jua lina sayari 8. Mirihi ni jirani yetu. Usiku mwingine unaweza kuiona kwa macho. Inaonekana kama nyota nyekundu.

Wazee walihamaje?

Wairaqw wengi wa Haydom wana asili ya Mama Isara, milimani upande wa Kainam. Ardhi ilipowabana, walisogea. Nchi waliyoifikia haikuwa tupu. Wadatoga walichunga, na Wahadzabe waliwinda. Tena palikuwa na mapori yenye mbung'o, na ng'ombe walikufa kwa ndorobo. Miaka ya 1940 na 1950 mapori mengi ya Mbulu yalifyekwa ili kuwaondoa mbung'o. Kazi ilikuwa ngumu. Lakini mhamaji alikuta hewa, mvua na udongo. Akikosa mbegu, alirudi kwa ndugu zake kuomba.

Mirihi ikoje?

Kwanza, ni mbali. Hata ikiwa karibu nasi kabisa, umbali ni kama kilometa milioni 55. Chombo husafiri miezi 7 hivi. Nafasi nzuri ya kusafiri huja mara moja tu katika miezi 26 hivi. Ukikosa mbegu huko, huwezi kurudi kesho.

Pili, hewa ni nyembamba mno. Haifikii hata sehemu 1 katika 100 ya hewa yetu. Karibu yote ni hewa ya ukaa. Mtu akivua vazi lake maalum, atakufa kwa dakika chache.

Tatu, kuna baridi kali. Kwa wastani ni nyuzi 60 chini ya sifuri. Maji yapo, lakini yameganda kuwa barafu.

Nne, udongo wake una chumvi yenye sumu. Huwezi kupanda mahindi kabla ya kuusafisha.

Watu wamefika wapi?

Tarehe 20 Julai 1969 watu walitua mwezini kwa mara ya kwanza. Mpaka mwisho wa mwaka 1972, watu 12 walikuwa wametembea huko. Wote walirudi. Tangu Novemba 2000 watu wanaishi kwa zamu katika kituo kilicho angani, kama kilometa 400 juu yetu. Chakula chao hutoka duniani.

Mirihi imefikiwa na mashine tu. Mwaka 2021 Wamarekani walitua huko mashine iitwayo Perseverance. Ilikuwa na kifaa cha kutoa oksijeni katika hewa ya ukaa. Oksijeni ndiyo hewa tunayoihitaji ili tuishi. Mpaka mwaka 2023 kifaa hicho kilikuwa kimetoa gramu 122. Mtu mmoja huzimaliza kwa saa 3 au 4 hivi. Ni kidogo, lakini ni mwanzo.

Basi, tutahamia?

Huenda siku moja watu wachache, wataalamu, wataishi Mirihi ndani ya nyumba zilizozibwa kabisa. Kila pumzi na kila tone la maji litatoka katika mashine. Kijiji kizima hakiwezi kuhamia huko kutafuta shamba.

Mwanakisomo yule alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Basi korongo langu je?" Jumamosi tulikwenda kwake na majembe. Tulipanga mawe kukinga maji, tukapanda mabingobingo kando ya korongo.

Ndugu msomaji, wazee walipochoka na ardhi moja, walipata nyingine. Sisi hatuna nyingine. Tuitunze hii.

Maswali ya kuzungumza

1. Mhamaji wa zamani alikuta vitu gani ambavyo Mirihi havipo?
2. Kwa nini mtu hawezi kulima Mirihi kama anavyolima hapa?
3. Kijijini kwenu kuna korongo linalokula shamba? Mtalizuiaje?